Mkono wa Baba na Kiyoyozi

Watu wa Kapsoya walitucheka, na sikuwalaumu. Eldoret ni mji wa sweta na chai ya moto. Ukifunga kiyoyozi nyumbani, majirani wanadhani pesa zimekuwasha. Lakini chumba cha Baba kilipigwa na jua la alasiri moja kwa moja, na Januari mabati yalikuwa yanatokota. Baba alikuwa kitandani tangu apigwe na kiharusi. Muuguzi aliyekuja kumfunga vidonda vya mgongo alituambia wazi kwamba havitapona mgonjwa akishinda ameloa jasho. Kaka yangu, ambaye yuko kazini ng'ambo, akatuma mashine.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia wa Baba pamoja na maneno yake yote. Mtu aliyetunza mitambo ya kupoza maziwa kule Moiben mpaka akastaafu, sasa watu walimzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Nasema watu, lakini nami nilikuwa mmoja wao.

Kwa Mama, kitu kizuri hakikai bila kitambaa. Makochi yana vitambaa, runinga ina chake, hata chupa ya chai. Fundi alipomaliza kazi, Mama alikuwa ameshafuma kitambaa cheupe chenye maua ya manjano. Akapanda kiti, akakitandaza juu ya kiyoyozi.

"Kitu imetumwa na mtoto haiwezi kaa uchi," alisema.

Siku ya tatu ubaridi ukaisha, maji yakaanza kutiririka ukutani. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimpigia fundi na kumwambia ametufungia ujinga. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Madam, kuna barafu ndani?"

"Iko, tena nyingi."

"Basi zima, ngoja iyeyuke. Toa filter uoshe, ukaushe kwa kivuli. Hapo ni hewa haipiti."

Nikatoa kitambaa, nikainua mfuniko wa mbele, nikachomoa vichujio. Vilikuwa safi, lakini nikaviosha. Nikatoka nje nikapuliza mpira wa kutolea maji mpaka masikio yakaniziba. Barafu ilipoyeyuka nikarudisha kila kitu mahali pake, na Mama akarudisha kitambaa chake, akanyoosha pembe zote. Chumba kikapoa kwa saa mbili tu, maji yakaanza tena. Kesho yake nikarudia hayo hayo.

Ndipo Baba akaanza kuinua mkono. Ni ule wa kushoto, uliobaki na nguvu kidogo. Aliuinua ukitetemeka, kidole kikielekea juu, akaushikilia hapo mpaka ukaanguka wenyewe. Akapumzika, akauinua tena.

Mama akaketi. "Anatuaga," alisema polepole. "Anaonyesha mbinguni."

Nilimwambia aache mambo hayo. Lakini jioni nilikuwa jikoni nikilia, na nikampigia kaka nikamwambia atafute tikiti mapema. Akina mama wa kanisa wakaja. Wakaimba, na Baba akainua mkono. Walipouona mkono wakazidi kuimba. Mmoja wao akamwinamia, akamwambia kwa upole, "Mzee, enda tu na amani. Usiogope." Baba akapiga godoro kwa kiganja. Tukasema kumbe kufa ni kazi ngumu.

Ilikwenda hivyo siku nne. Siku ya nne, saa ya kubadilisha shuka, nilipanda kitandani nikamwegemeza kifuani kwangu, kichwa changu sambamba na chake. Akainua mkono. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nikitazama kutoka pale alipokuwa akitazama yeye. Kidole hakikuelekea mbinguni. Kiliishia kwenye maua ya manjano.

Nikakumbuka nikiwa msichana mdogo, nimemfuata kazini Moiben, nikatundika sweta yangu kwenye mtambo. Alivyonifokea! "Mashini inapumua. Usiizibe pua."

Nikapanda kiti, nikavuta kitambaa. Mkono wa Baba ukashuka taratibu, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha. Siku nne mtu anatuelekeza kazi anayoijua kuliko sisi sote, nasi tunamwimbia nyimbo za kumsindikiza. Nilimwomba msamaha, nikazima mashine barafu iyeyuke. Nilipoiwasha tena, juu yake pakiwa wazi, hewa ilitoka baridi na haikukata.

Mama alipoingia alinikuta na kitambaa mkononi. Nikamweleza. Akamgeukia Baba.

"Kwa hivyo hukuwa unatuaga?"

Baba akatikisa kichwa. Nusu ya mdomo iliyobaki hai ikacheka. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia siku zote nne, kisha akakunja kitambaa mara mbili na kumfunika Baba miguu, maana chumba kilikuwa kimeanza kuwa na baridi.

Alasiri akina mama wa kanisa wakabisha hodi, vitabu vya nyimbo mkononi, nyuso zimeandaliwa kwa msiba. Mama aliwafungulia mlango, macho bado mekundu.

"Ingieni tunywe chai," alisema. "Mzee haendi mahali. Alikuwa anatengeneza mashini."