Siku Kamati Nzima Ilipotoka Nje

Siku hiyo ofisini kwa chifu tulikuwa watu saba. Alikuwepo chifu mwenyewe, kofia yake ikiwa mezani kama mwanachama wa ziada. Alikuwepo mwalimu mkuu mstaafu, aliyefundisha nusu ya lokesheni na kuchapa nusu ya pili. Alikuwepo pasta. Alikuwepo mzee wa wakulima wa chai, ambaye basari huiita "pasari" na hakuna anayethubutu kumsahihisha. Alikuwepo Mama Mboga, aliyezaliwa kwa jirani zetu wa milima ya magharibi na ambaye sasa anauza sukuma wiki sokoni Boito. Alikuwepo karani mpya wa kaunti, msichana mwenye viatu visivyojua tope. Na mimi. Tukihesabu kila aliyekuwa na pumzi, basi ongeza kuku wa chifu, aliyekuwa akitaga chini ya kabati la faili.

Mimi nilikuwa katika kamati ya basari, ile ya kugawa karo ya kaunti, kwa sababu ya uyatima wangu. Baba na mama walituacha nikiwa darasa la saba. Niliacha shule, nikabeba kikapu cha chai cha mama, na wadogo zangu watatu nikabaki nao. Miaka mingi baadaye kaunti iliposema kamati lazima iwe na mtu wa kuwasemea yatima, watu walininyooshea kidole kana kwamba uyatima ni kazi niliyosomea.

Katika lundo lililokuwa mezani siku hiyo, faili ya nne ilikuwa ya kitindamimba wetu. Alikuwa ameitwa chuo kikuu Kabianga kusomea ualimu, wa kwanza nyumbani kwetu kufika huko. Bila basari ile asingeripoti Jumatatu. Ng'ombe tulishauza alipokuwa sekondari. Cha kuuza kilichobaki kilikuwa paa.

Namna yetu ya kufanya kazi ilikuwa rahisi. Faili ya mtu wako ikifika, ulikuwa unainamisha kichwa kidogo kwa adabu, wenzako wanaipitisha, kisha nawe unawapitishia zao. Hatukuona ubaya. Tuliita kusaidiana.

Karani akafungua daftari. "Kuanzia leo kuna sheria. Mwenye ndugu anayeomba basari atatoka nje faili ya huyo ndugu ikisomwa. Tukimaliza, anarudi."

"Sheria nzuri," chifu akasema. "Imechelewa hata."

Karani akasoma jina la kwanza. Chifu akachukua kofia, akainuka. Kwa Kikipsigis neno *oret* ni njia, na pia ni ukoo. Wote waliopita njia hiyo ni ndugu, hata kama wa mwisho kupita pamoja alikuwa babu ya babu. Mtoto yule alikuwa wa oret ya chifu, ambayo ndiyo yetu pia, kwa hivyo nami nikainuka. Mzee akainuka kwa sababu mkewe alizaliwa kwa watu hao. Mwalimu akasema yeye na baba ya mtoto walitahiriwa pamoja, na mtoto wa rika lako ni wako kabisa. Pasta alibaki ameketi, akaangalia dari, akakumbuka nyanya yake, akatufuata.

Tukajipanga kwenye nyasi kama wanafunzi waliochelewa. Ndani wakabaki Mama Mboga, karani na kuku.

"Katika serikali hii," mzee akasema, "mwaminifu ni kuku peke yake."

Karani akachungulia mlangoni. "Nyote?"

"Sheria ni sheria, mama," chifu akamjibu.

Tukarudi. Jina la pili likasomwa, tukatoka tena, ila sababu zilibadilisha wamiliki: sasa mwalimu ndiye aliyekuwa wa ukoo, na chifu ndiye wa rika. Jina la tatu lilipoisha, mzee alikataa kuinuka kwenye nyasi.

"*Lakwenyun*," akamwambia karani, yaani mtoto wangu, "miguu yangu imechoka kuwa safi. Niletee hiyo pasari hapa hapa."

Karani alikaribia kulia. "Wazee, tafadhali. Ndugu ni wa baba mmoja!"

"Ndugu wa baba yangu ni baba yangu," mwalimu akasema kwa sauti ya darasani. "Kwa hivyo nina baba sita. Unamtaka yupi?"

Mama Mboga alikuwa amecheka mpaka kitambaa cha kichwa kimemlegea. "Hata kwetu ni hivyo hivyo, mwanangu. Ukoo hautawafikisha popote. Uliza tu nani anakula kwa sufuria ya nani."

Karani akalidaka neno hilo. "Basi nimeandika. Ndugu ni yule mnayekula naye sufuria moja."

Wazee wakapumua, wakarudi vitini wakipangusa magoti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwombaji jikoni kwake. Sheria ikawa imewafungulia wote mlango. Nami nikaona kwamba mtu wa kutoka amebaki mmoja tu.

Karani akasoma jina la mdogo wangu.

Chifu akanitazama kwa jicho la huruma. "Huyu si siku hizi analala kwa shangazi yenu?"

Ilikuwa kweli. Shangazi alikuwa amejifungua, na dada yangu alikuwa huko tangu Jumapili akimsaidia. Ningesema ndiyo, nisingekuwa nimesema uongo. Pasta mwenyewe alikuwa anaitikia kwa kichwa kunihimiza.

"Analala huko," nikasema. "Kula, anakula kwangu. Amekula kwangu tangu hana meno." Nikatoka.

Ofisi ile ni ya mbao, na mbao haziwezi kutunza siri. Nilisikia karatasi zikifunuliwa, nikaogopa kusikia zaidi. Nikaruka mtaro, nikaingia shamba la jirani, na kwa kuwa mikono yangu haijui kungoja ikiwa mitupu, nikaanza kuchuma. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Leso ilikuwa imejaa nusu nilipomwona mwenye shamba amesimama, mikono kiunoni.

"Siku hizi kamati inaiba chai mchana?"

"Siibi. Natii sheria."

Nikamweleza. Akacheka, akanirushia kikapu. "Basi tii vizuri. Malizia laini hiyo ya michai."

Nilikuwa karibu mwisho wa laini karani aliponiita. Nilipoingia, wazee walikuwa wanaangalia sakafu. Mama Mboga ndiye aliyeongea.

"Faili ya dada yako haina cheti cha kifo cha baba. Nimeirudisha."

"Nilimzika mimi mwenyewe!" chifu akasema. "Kila mtu hapa anajua!"

"Kujua si karatasi, Chifu. Mwaka jana tulimrudisha yule msichana wa kambi ya chai, anayelelewa na nyanyake, kwa sababu hakuwa na cheti cha mama yake. Sote tulijua mama yake amekufa." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo, kando ya kuku."

Nilikumbuka. Nafasi zilikuwa chache na watoto wetu wengi. Mimi, msemaji wa yatima, siku hiyo niliangalia kucha zangu.

"Tunafunga saa kumi," karani akasema kwa upole.

Nilikimbia. Kwetu ni mteremko mmoja, mto, na mlima usiokuwa na huruma. Cheti kilikuwa ndani ya Biblia ya mama, na nilirudi nacho kifuani mvua ya alasiri ikinipiga, nikafika karani ameshika kufuli. Mama Mboga akakisoma neno kwa neno, akageuza nyuma, akaweka sahihi yake kwanza. Wazee wakapiga makofi, kuku akakimbia nje. Jumatatu mdogo wangu aliripoti Kabianga akiwa na godoro kichwani.

Nilimfuata Mama Mboga sokoni na kibuyu cha mursik, kumshukuru. Hakukigusa.

"Rudi na maziwa yako. Mimi nilisoma karatasi tu. Anayekudai si mimi."

Nikaenda kambini. Msichana yule sasa anachuma chai, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, jambo lililoniuma na kunichekesha. Mara mbili nimeenda na nyanyake kutafuta cheti cha mama yake. Mara ya kwanza tuliambiwa tulete barua ya chifu, na chifu akaiandika amesimama. Mara ya pili tuliambiwa tulete karatasi ya hospitali. Alhamisi tunarudi.

Safari iliyopita tulifika kambini tumelowa. Nyanya akasonga ugali, akatia sukuma, akaweka sufuria katikati. Nilikuwa nimeshameza matonge matatu nilipokumbuka sheria. Nikaangua kicheko, nikamweleza sheria hiyo na deni langu.

"Kwa hivyo sasa wewe ni ndugu yetu?" akauliza.

"Ndiyo, Nyanya. Siku faili ya mtoto ikisomwa, lazima nitoke nje, sitaweza kumsemea."

Akafikiri, kisha akanisogezea sufuria. "Basi maliza kula. Deni utalilipia huko huko nje."

Bado sijajua namna ya kulilipia huko.