Vitabu Alivyovigusa Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kamati ya shule niliyosomea, kule Kahororo, Bukoba. Wamejenga chumba cha kusomea chenye madirisha ya vioo na mabati mapya, na kwa kuwa mimi nauza vitabu Mwanza, wakaona niwachagulie vya kuanzia. Mwenyekiti alizungumza kama mtu aliyekwisha kuamua. "Dada, tuletee riwaya za maana, zile zinazosomwa dunia nzima. Ila hadithi za mizimu hapana. Zinaharibu watoto." Nilimwambia nimesikia, nikakata simu, nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaacha kusoma akaniangalia. Rafiki yangu, kama tungekua pamoja, ungecheka vilevile. Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto, katika shule hiyohiyo, kwa sauti ya aina hiyohiyo. Kwetu upumbavu hauzikwi na mwenyewe. Unarithiwa, kama kibanja cha migomba.

Siku zetu hapakuwa na chumba cha kusomea. Palikuwa na kabati ofisini kwa mwalimu mkuu. Rafu ya juu ilijaa riwaya za Kiingereza zilizoachwa na wazungu wa misheni, zenye majalada magumu na harufu ya ukungu. Rafu ya chini ilikuwa na vitabu vyembamba vya Kiswahili: mizimu, majini, maiti wanaorudi kudai haki yao. Vya juu mwalimu mkuu aliviita "vitabu". Vya chini aliviita "takataka". Mwenyewe hakuwa amesoma vya juu wala vya chini. Najua, kwa sababu siku niliyopata nafasi ya kuvishika, kurasa za riwaya nyingi zilikuwa bado zimeshikana tangu kiwandani, hakuna kisu kilichowahi kuzitenganisha. Watu wa mikoa mingine hututania Wahaya kwa kutuita Nshomile, yaani "nimesoma". Wengi wetu hutukanwa bure kwa jina hilo. Yeye lilimfaa, kwa maana ya kusema tu "nimesoma" bila kusoma.

Vita vya Amin vilipoanza sikuwa nimeingia shule. Nakumbuka ngurumo za ndege, vyombo vikigongana rafuni, na bibi akifunika chungu cha ndizi moto kama vile tungerudi kuzila baada ya saa moja. Mwalimu mkuu alikuwa miongoni mwa waliokimbia mapema kabisa. Alipita mbele ya nyumba yetu akiwa juu ya baiskeli, redio kifuani na godoro nyuma. Mke wake na watoto walipita baadaye, kwa miguu.

Sisi tulielekea Muleba, kwa ndugu za bibi kule Ngenge. Aliyenibeba ni mama mdogo, mdogo wa mama yangu, msichana ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza darasa la saba. Mama yangu alikuwa amefariki wakati wa kunizaa, kwa hiyo mgongo niliouzoea ulikuwa huo. Nilipomwelemea alinishusha akaniambia kuna mzimu anayetembea nyuma ya wakimbizi, anakula visigino vya wanaobaki nyuma. Nilitembea, tena kwa kasi. Watu wazima waliokuwa wakivuta watoto wao wanaolia walimtazama vibaya. Mmoja akamwambia anamtia mtoto woga. Mabomu yalikuwa yanalia nyuma yetu, na yule bwana aliona cha kunitisha ni mzimu.

Ngenge ni joto na nyasi ndefu. Tulikula ugali wa mahindi mchana na jioni, na bibi aliuchukulia kama kifungo. Alikuwa akiumega kwa vidole viwili, kichwa kakigeuzia pembeni, huku ndugu zake waliotulisha wakimtazama. Hata ukimbizini Mhaya ana majivuno yake. Mama mdogo hakuwa nayo. Tulipokuwa tukipukuchua mahindi alisimulia, na mizimu yake ilikuwa na tabia za watu tunaowafahamu: mzimu mchoyo, mzimu mwenye deni la pombe, mzimu anayependa kualikwa harusini. Nilijifunza pale kwamba hadithi ya kutisha ikisimuliwa vizuri huondoa hofu.

Tuliporudi, shule ilikuwa imeibiwa madawati, mabati, hata bawaba za milango. Na hao hawakuwa askari wa Amin, ambao kwetu hawakufika. Walikuwa majirani zetu, watu wa kanisani. Kabati lilivunjwa, lakini vitabu vilikuwapo vyote. Hakuna mwizi aliyeona riwaya ni kitu cha kubeba.

Miaka ikapita. Mama mdogo akawa mfanyabiashara, akivuka mpaka wa Mutukula kwenda Uganda na kurudi na vitambaa. Jirani yetu, mwanamke mwenye sauti nene, alikuwa wa kwanza kuvishika na wa kwanza kuvivaa. Kisha mama mdogo akarudi safari moja amekonda, akaanza kuhara, akaanza kukohoa. Ugonjwa ule haukuwa na jina kwetu. Wengine waliuita kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo, kana kwamba ulisukwa kwenye nguo. Jirani akaanza kupita njia ya nyuma. Alipolazimika kuja kutujulia hali alikuja na kikombe chake mwenyewe ndani ya mkoba, na vitambaa vya mama mdogo bado vikiwa mwilini mwake.

Mama mdogo alilala sebuleni, ambako bibi alitandaza nyasi mbichi kila zilipochakaa. Ukinipa leo harufu ya nyasi hizo, na ya buni zikikauka kwenye jamvi nje, na ya majani ya migomba yaliyofunika chungu, naweza kukuonyesha kila mtu alikokuwa amekaa. Siku moja aliniambia, "Nimechoka na watu wanaokuja kuniombea kama nimeshaondoka. Niletee kitabu. Lakini kiwe cha mizimu. Vya kulia sitaki."

Ilikuwa bahati, maana mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba wanafunzi wa darasa la sita na la saba watachagua kitabu kimoja cha kusoma likizo. Nikasimama kwenye foleni. "Kuchagua" kulikuwa hivi: ulionyesha kwa kidole, yeye akakwambia umekosea, akakupa anachotaka. Zamu yangu ilipofika nilionyesha rafu ya chini. Alinitazama juu ya miwani.

"Nyumbani kwenu si ndiko yuko yule mgonjwa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi vitabu vya shule haviendi nyumba yenye ugonjwa." Kisha, kwa kuwa foleni nzima ilikuwa inasikiliza na alipenda kusikilizwa, akaongeza, "Na hivi vya mizimu vya nini? Kwenu mizimu inatosha."

Walicheka. Siwalaumu watoto. Mwalimu akichekesha, mwanafunzi mwenye akili hucheka.

Nyumbani nilieleza yote, neno kwa neno. Bibi alikuwa akimenya ndizi. Alisimama na kisu mkononi, utomvu ukimtiririka kwenye vidole, akawa anaelekea mlangoni.

"Kaa, mama," mama mdogo akasema. "Mgonjwa ni mimi. Nipe maji nioge."

Akaoga. Akavaa gauni lake la zambarau, ambalo sasa lilimning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Akajipaka manukato. Tukatoka, mimi nikiwa nimemshika kiwiko, tukipumzika kila penye kivuli. Watu walitoka milangoni. Yule jirani akapaza sauti kutoka migombani kwake, "Habari za kuumwa?"

"Nzuri," mama mdogo akamjibu. "Habari za kuchungulia?"

Tulipoingia ofisini mwalimu mkuu aliinuka haraka, na nilidhani ni adabu, mpaka nilipomwona anarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ungekaa nyumbani, dada. Ungepumzika."

"Nimekuja kuchagua kitabu."

"Ni vya wanafunzi."

"Nilikuwa mwanafunzi wako miaka saba. Hukunipa hata kimoja."

"Unajua sababu ya leo."

"Siijui. Niambie."

Mtu aliyeitamka mbele ya watoto arobaini na kitu alishindwa kuitamka mbele yake. Mama mdogo akalifungua kabati mwenyewe. Alianza rafu ya juu. Alichukua riwaya moja moja, akapitisha kiganja juu ya jalada, akafungua, akasoma mstari kwa Kiingereza chake cha sokoni Kampala, ambacho kilikuwa kizuri kuliko cha mwenye ofisi. Moja ilimshangaza. "Huyu binti anakaa dirishani kurasa zote hizi anangoja mwanaume? Hana shamba la kupalilia?" Akairudisha. Nyingine aliifunga mara moja: "Hawa wanagombania urithi wa nyumba yenye vyumba ambavyo hawavifagii wenyewe." Akaenda hivyo hadi mwisho, polepole, akihema, kisha akainama rafu ya chini akavishika vyote vilevile. Mwalimu mkuu alitazama dirishani muda wote kama anayengoja mvua.

"Haya," mama mdogo akasema. "Nimevigusa vyote. Kama unaamini ulichomwambia mtoto, huna tena kitabu. Kama huamini, mwombe radhi."

Mama mdogo akachagua kitabu chembamba chenye picha ya mwanamke asiye na uso, akanipa nikishike mimi, akaaga kwa heshima zote. Njiani alitapika mara mbili, na kati ya kutapika alikuwa anacheka.

Kesho yake mwalimu mkuu alituamuru tuvifunge viganja vyetu kwa majani ya migomba, kisha tulitoe kabati lote nje. Riwaya za Kiingereza akataka zipangwe kwenye nyasi, juani, zifunguliwe ili wadudu wafe. Vitabu vya Kiswahili akaamuru vitupwe kwenye shimo la takataka, akavimwagia mafuta ya taa. Nilisimama pale nikiyatazama hayo. Mkono uliovigusa ulikuwa mmoja, na siku ilikuwa ileile. Lakini riwaya za Kiingereza ziliponywa na jua, na mizimu ya Kiswahili ikahitaji moto. Hakuna daktari aliyewahi kunieleza sayansi hiyo, ila nimewakuta wasomi wengi tangu hapo wanaoiamini.

Tukabaki na kile kimoja. Nilikisoma mchana, bibi akimenya ndizi, nami nikimfasiria kwa Kihaya. Mama mdogo hakunyamaza. "Mzimu gani huyu anabisha hodi? Wa kwetu angekuwa ameshaingia jikoni anaonja mchuzi." Tulipofika mwisho tulianza upya, na mara ya pili akanitaka nibadilishe. Nikabuni. Mara ya tatu nikabuni zaidi, yule mwanamke akapata uso, akapata duka Kampala, akawatisha wanaomdai. Watoto wa majirani walianza kuja uani kusikiliza. Mama zao waliwaita, wakaondoka, wakarudi kupitia migombani. Mama mdogo akiwaona aliinua sauti kidogo: "Soma kwa nguvu, tuna wageni."

Alifariki msimu wa senene, watu wote wakiwa nje na makopo wakikimbilia wadudu. Kwenye mazishi jirani yetu alilia kuliko bibi, akajitupa chini mpaka akashikiliwa. Mwalimu mkuu naye alikuja, ila alisimama barabarani, na kutoka huko barabarani akatoa hotuba juu ya "dada yetu aliyependa elimu". Bibi alimsikiliza mpaka katikati. Kisha akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia:

"Ingia, mwalimu. Sema ukiwa hapa kaburini. Au unaogopa mizimu?"

Hakuingia. Alisema ana kikao.

Baada ya hapo misiba ilifuatana hadi watu wakaacha kuuliza ni ya nani. Katika wale watoto waliokuwa wakisikiliza uani, wengi walibaki na bibi zao, kisha bila bibi. Wavulana kadhaa walikwenda visiwani Muleba kuvua, na wawili tu ndio niliowahi kuwaona tena. Nyumba yetu imeuzwa, sakafu ina vigae, na aliyeinunua amekata migomba akajenga fremu za maduka. Hakuna anayetandaza nyasi. Hakuna anayekaa mchana akisomewa na mtoto huku akikosoa. Siku hizi watu wa huko hununua vitabu kwa ajili ya kabati la sebuleni, wapigwe navyo picha, na wananiuliza dukani kipi kina jalada zuri.

Mwalimu mkuu alifika uzee mzuri. Nilikutana naye Bukoba mjini, miaka michache iliyopita, amevaa koti na tai, watu wakimpisha. Nilimwamkia. Alinishika mkono akanigeuza kwa waliokuwa naye, akasema, "Mnamwona huyu? Duka lake la vitabu ni matunda yangu mimi."

Nikamuuliza kama anamkumbuka mama yangu mdogo, aliyekuja ofisini kwake akachagua kitabu.

Alifikiri. Nina hakika alifikiri kweli, hakuwa anajifanya, na hilo ndilo sijamsamehe. "Mama mdogo yupi?" akasema. "Siku zile walikufa wengi."

Nikamuaga kwa adabu, kwa sababu bibi ndivyo alivyonilea. Kisha nikatembea peke yangu kuelekea ziwani, nikilitaja jina la mama mdogo kwa sauti, lote, la ubatizo na la ukoo, watu wakinishangaa. Katika mji ule sikumjua mtu mwingine aliyebaki wa kulitaja.