Harusi Niliyoiota Majira ya Baridi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Annandale, Marekani, nilipokatazwa kufua nguo. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Tanga, na kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi mmoja nyumbani kwake: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa kwa saa zake. Jina lake Bibi Greta. Alizaliwa katika kijiji cha milimani huko Austria, akaja Marekani na mumewe, mume akatangulia mbele ya haki, naye akabaki na nyumba ya matofali na magoti yasiyomtii. Krismasi ilikuwa imepita jana yake. Nilibeba kapu la mashuka meupe niende kwenye mashine, akanizuia kwa fimbo yake.

"Weka chini. Nyumba hii haifui shuka mpaka wapite Mamajusi."

Kwao, alinieleza, siku kumi na mbili zinazofuata Krismasi, mpaka sikukuu ya Mamajusi, si za mwaka uliokwisha wala si za mwaka unaokuja. Ni kama ukumbi kati ya vyumba viwili. Usiku ni mrefu, pepo wanapita juu ya mapaa wamepanda upepo, na ukianika shuka jeupe watalinyakua liwe sanda ya mtu wa nyumba ile. Basi watu hawafui. Hufukiza nyumba chumba kwa chumba, hukaa kimya wakajisikiliza, na ndoto ya kila usiku huitazama kama habari ya mwezi mmoja wa mwaka ujao.

"Lakini Bibi," nikasema, "sisi hatuaniki. Tunakausha kwa mashine."

"Wale hawajui mashine ni nini."

Mwingine angetabasamu akaendelea na kazi yake. Mimi nilikua nikikatazwa kufagia usiku na kupiga mluzi gizani, kwa hiyo nililirudisha kapu mahali pake. Kilichomsikitisha ni kwamba miaka mingi hakuwa amepata kitu cha kufukizia. Nikamwambia nina ubani, mama yangu aliufunga kwenye kanga aliponisindikiza, na chetezo ninacho. Macho yake yalinimulika kama nimemwambia nimemleta dada yake.

Kesho yake nikaja na vifaa vyangu. Sasa, kosa letu sisi watu wa pwani tuishio huku linajulikana: tunafukiza kwanza, king'ora cha moshi tunakikumbuka baadaye. Hatukumaliza hata sebule, nyumba nzima ikaanza kupiga kelele. Mimi juu ya kiti napepea na sinia, Bibi Greta chini anacheka mpaka machozi yanamtoka, jirani yuko mlangoni amevaa koti juu ya nguo za kulalia akiuliza kama tumeungua. Tangu siku ile tulifukiza madirisha yakiwa wazi, tumejifunika mablanketi. Na tangu siku ile Bibi Greta akawa hanioni tena kama mfanyakazi tu.

Nikuambie sasa kilichokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi pale chuoni Annandale, miaka ya kusoma katikati ya zamu, nikila ndani ya basi na kusinzia juu ya kitabu. Kilichobaki ni mtihani wa leseni, na tarehe yangu ilikuwa katikati ya Januari. Nikiufaulu, mimi ni muuguzi. Nisipoufanya, ni yule yule.

Basi katika siku zile nikaota. Niliota nimekaa chumba cha ndani, nimepakwa hina mpaka viwiko, nje ngoma inalia na watu wamejaa. Kila mlango ulipogongwa, mimi nilijibu, "Bado."

Kwetu, mwanangu, ndoto ya harusi ni msiba. Na mama yangu alikuwa akiugua presha. Niliamka jasho linanitoka, na theluji iko dirishani. Nikakwangua kadi ya simu, nikampigia Shangazi Mwanahamisi.

"Harusi? Na ngoma?" Shangazi akashusha pumzi. "Ee mwana wa kaka, hiyo si ndoto. Usifanye jambo kubwa mwezi huu. Mtihani upo siku zote. Roho haiuzwi dukani."

Nilipokata simu nilihisi kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Nilihisi nafuu.

Niliishi na mwenzangu mmoja, Wanjiru, mwenyeji wa Nyeri, naye akifanya kazi kama yangu. Alinikuta jikoni natafuta namba ya kituo cha mtihani.

"Aki Mwanaidi, umesoma miaka hiyo yote ndio uahirishe juu ya ndoto? Mimi jana nimeota nimeolewa na bosi wangu, na leo bado nimeenda job."

"Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake," nikamjibu.

"Sawa, kunguru. Na hizo mbawa utazitumia lini?"

Nikamwambia hajui mila. Methali, mwanangu, ni kama kisu cha jikoni: kinakata kitunguu, na kinakata kidole. Siku ile nilijikata nacho na nikajiona nina hekima.

Nilikwenda kazini nimekwisha amua kupiga simu wakati wa mapumziko. Nikamweleza Bibi Greta habari yote, nikijua yeye, mtu wa ndoto na pepo, ataniunga mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Ndoto hii ameiota nani?"

"Mimi, Bibi."

"Umemuuliza nani maana yake?"

"Shangazi. Na yule ninayeishi naye."

"Na wewe?"

Nikaanza kukusanya vyombo vya chai.

"Umeipeleka ndoto mpaka Afrika, imerudi, na bado hujaifungua," akasema. Hakupaza sauti, lakini sijawahi kukemewa hivyo na mtu anayenihitaji nimvalishe soksi. "Unadhani kwetu tulikuwa tukikaa kimya siku zile ili tutabiriwe? Watu milimani hawakuwa wajinga. Mwaka mzima kuna ng'ombe, kuna nyasi, kuna watoto, hakuna anayejisikia. Majira haya shamba limelala, ndipo mtu anakaa na nafsi yake aone ina nini. Kisha niambie jambo moja. Mgonjwa ni mama yako. Kwa nini ulimpigia shangazi?"

Jioni huku Desemba huingia mapema. Ilikuwa saa kumi na moja tu na taa za barabarani zimewaka. Akaniamuru nizime simu, nikae karibu na dirisha, nisiseme neno. "Usijiulize ndoto ina maana gani," akasema. "Jiulize ndani yake ulihisi nini."

Nilikaa. Mwanzo nilifikiria chakula cha usiku, na basi, na baridi ya miguu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ndoto yangu nikiogopa jina lake tu. Nikaingia polepole. Nikatazama. Hakukuwa na anayelia mle ndani. Hakukuwa na jeneza wala matanga. Watu walikuwa wamefurahi, wananisubiri mimi. Kitu pekee kilichokuwa kibaya kilikuwa ile sauti yangu, "Bado, bado."

Hapo nikaelewa ile nafuu. Sikuogopa msiba. Niliogopa kutoka mbele za watu, nikaribishwe kama muuguzi kisha nionekane sitoshi. Shangazi nilimpigia kwa sababu jibu lake nililijua kabla sijakwangua kadi. Mama sikumpigia kwa sababu jibu lake pia nililijua.

Asubuhi nikampigia Mama. Nikamsimulia ndoto yote, hina, ngoma, na maneno ya Shangazi.

"Harusi yako, na mimi hukunialika?" akasema.

"Mama, sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Juzi nimeota nimeporomoka kutoka juu ya mnazi, na mchana nikala sahani mbili za wali. Presha imeshuka, muulize daktari. Mwanaidi, kama Mungu ameniandikia siku yangu, haitangoja wewe ukose mtihani. Nenda. Na ukitoka, nipigie mimi kwanza, si wifi yangu."

Siku zilizobaki nilikaa dirishani kila alfajiri kabla ya simu na kabla ya salamu, nikajiuliza swali lile lile. Hakuna refu lisilo na ncha. Hata usiku wa Januari ulianza kufupika kidogo kidogo, na hofu yangu nayo. Siku ya mtihani nilikaa mbele ya kompyuta, nikajibu swali baada ya swali, mpaka skrini ikazimika yenyewe, ishara kwamba mtihani umekwisha.

Matokeo yalikuja baada ya siku chache. Nimefaulu. Wanjiru alipiga vigelegele kwenye ngazi mpaka milango ya jirani ikafunguka, akawa anawaambia watu asiowajua, "Huyu ni nesi sasa, mumwone vizuri." Mama nilimpigia kwanza. Nikasikia anawaita watu wa nyumba nzima. Nilipofika kwa Bibi Greta nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani na mkufu wa lulu, amekaa wima.

"Leo napimwa presha na muuguzi," akasema, akaninyooshea mkono.

Miaka imepita. Nimefanya kazi wodini mpaka nikaongoza wenzangu, nikajenga maisha hapa Bowie, na Mama akaja akakaa nami, akatembea korido za kazini kwangu akisalimia kila mtu kana kwamba ndiye aliyeniajiri. Shangazi naye, Mungu amweke pema, alitutoka akisema siku zote alijua nitafaulu. Sikumbishia.

Nakuona siku hizi, ndoto yako haifiki hata kwa shangazi. Inaulizwa simu kabla macho hayajafumbuka sawasawa, na simu ina majibu elfu, nawe unachagua lile uliloamka ukilitafuta. Sikuambii ndoto ni uongo, wala sikuambii udharau wakubwa zako. Nakuambia ufuate utaratibu. Usiku unapokuwa mrefu na kazi zimepungua, kaa na nafsi yako kwanza, bila sauti ya mtu. Ukipata hofu ndani yake, iulize inalinda nini. Kisha peleka jambo lako kwa yule anayekupenda kiasi cha kukukatalia. Na mlango wako ukigongwa, mwanangu, simama ufungue, hata kama bado unaogopa.

Mola akupe moyo wa kujisikiliza na miguu ya kutenda ulichosikia. Akujaalie wa kukukemea kwa upendo, na wa kukushangilia ukishinda. Amina, nenda salama.