Mtoto Aliyejibu kwa Wimbo

Nakumbuka Jumamosi moja pale Mulanda, mwanangu, siku ya mazoezi ya mchezo wa kuigiza wa Krismasi. Nilikuwa msichana bado, lakini tayari nilikuwa mzazi. Baba na mama walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule ili nilime na kuwalea wadogo zangu. Wa mwisho, Athieno, hakuwa amesema neno tangu tumzike mama. Kuimba aliimba, tena vizuri, ila ukimuuliza kitu anakutazama tu. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba asipoanza kujibu, muhula ujao nisimlete shuleni.

Kwa ajili ya sauti yake, vijana wa kanisa walimpa nafasi ya msichana anayevuka mpaka wa Busia na sukari ya magendo kichwani. Obbo, mpiga kinanda, ndiye aliyeongoza. Alitaka watu waongee kwanza, kisha waimbe.

"Hii sukari ya nani?" askari wa mchezo akauliza.

Athieno kimya. Akaulizwa tena. Kimya.

"Dada, umeniletea ukuta," Obbo akaniambia. "Ukuta unaimba, sawa, lakini mimi nataka mtu wa kujibu."

Vijana wakacheka. Nikamshika mtoto mkono tuondoke.

Bibi yake Obbo, aliyekuja kumtazama mjukuu wake, akagonga benchi kwa fimbo. "We Obbo! Nani alikuambia wimbo usubiri maneno yaishe?"

"Bibi, mchezo ndivyo ulivyo."

"Mchezo wa lini? Huo wa juzi!"

Akatueleza kwamba utotoni mwake, kwenye matanga ya mzee fulani, mtu mmoja alivaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akadai chakula kwa ukali wake. Wajane walimjibu kwa kuimba, na uwanja mzima ukaitikia. Jukwaa na mabenchi vilikuja baadaye na kanisa, watu wakaanza kuketi na kutazama. Nikasahau kwamba nilikuwa naondoka. Nikamuuliza nyimbo hizo zilitungwa na nani.

"Kilio hutungwa na nani?" akanijibu. "Askari, uliza tena. Na wewe mtoto, jibu unavyoweza."

Askari akauliza. Athieno akavuta pumzi, akaimba: "Ni ya dada, askari, ni ya dada yangu, chai yake haina sukari." Obbo akamfuata kwa kinanda. Askari, kwa kuchanganyikiwa, naye akaimba amri yake ya kushusha mzigo, tena vibaya sana.

Jioni, nikipika, nikaimba: "Athieno, chumvi iko wapi?" Akaimba kwamba iko nyuma ya mtungi. Tuliishi hivyo hadi majirani wakaona tumerukwa na akili. Kisha asubuhi moja akasema, bila sauti ya wimbo, "Dada, maji yanachemka." Muhula ulipofunguliwa, mwalimu alimuuliza jina, akalitaja.

Siku hizi vijana wa Tororo huigiza mbele ya simu, wimbo ukitoka kwenye spika. Mimi huwatazama sana, nikitaka kujua wimbo wao huingilia wapi, na kwa nini hapo.

Basi mwanangu, ukiambiwa jambo ndivyo lilivyo, uliza lilikuwaje kabla. Na mtu akishindwa kukujibu, usimwite ukuta. Badilisha namna ya kumuuliza, hata kama majirani watakucheka. Mungu akupe sikio lenye subira, na nyumba yako isikose wa kukuitikia.