Tochi Mbele ya Jicho la Boila

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mwanangu, na asubuhi hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa kijana, mwendeshaji wa boila katika kiwanda kidogo cha maziwa hapa Nakuru. Kwenye boila kulikuwa na kifaa cha ukubwa wa kidole gumba, tulichokiita jicho. Kazi yake ilikuwa moja, kutazama mwanga wa moto. Mwanga ukipotea, lilifunga mafuta papo hapo, yasije yakamwagika ndani ya tanuri lenye joto.

Wiki hiyo jicho lilizima boila mara kwa mara. Maziwa yalingoja mvuke, nami nikachoka. Nikalichomoa, nikalielekeza kwenye tochi iliyowashwa. Boila ikanguruma bila kukatika. Nikajiona fundi.

Mzee Koros, aliyenifundisha kazi, akaiona tochi.

"Hiyo ni nini, kijana?"

"Jicho imezeeka, mzee. Kama wewe."

Hakucheka. "Haijazeeka. Inakuambia moto inakufa. Wewe umeifunza uongo. Zima hiyo kitu, niende stoo nilete chujio mpya ya mafuta, hii imeziba."

Sikuzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha kwa tochi ya betri mbili.

Moto ukafa. Jicho likaendelea kuona tochi, na mafuta yakaendelea kumwagika. Wanjohi, mwenzangu wa zamu, alisikia mngurumo umebadilika, akainama kwenye tundu la kuchungulia. Matofali yalikuwa bado na joto. Mafuta yote yakashika moto kwa pamoja, na lile tundu likamtemea moto usoni.

Siku hizi Wanjohi huketi kwao Kabazi, haoni tena. Hunitambua kwa hatua zangu kabla sijabisha.

"Sasa, boss," huniambia. "Moto bado inawaka?"

Baada ya siku ile nilinunua vitabu vya boila, nikavisoma ukurasa kwa ukurasa, nikajua kila waya. Nilijua nikiwa nimechelewa.

Mwanangu, chombo kikikukatizia kazi, kiulize kimeona nini kabla ya kukinyamazisha. Na anayekuonya usimjibu kwa mzaha. Mungu ayalinde macho yako, na asikubali mwingine alipie kosa lako.

Mzee Koros alirudi akakuta moshi. Chujio jipya lilikuwa mkononi mwake, na bei ilikuwa bado imebandikwa: shilingi mia nane na hamsini.