Kiti cha Mama Komora

Nakumbuka siku kile kiti kilipofika Kilelengwani. Kilikuja kwa mtumbwi, kimelazwa juu ya magunia, na watoto wakakifuata ukingoni kwa vigelegele kana kwamba ndani yake mna bibi arusi. Kilikuwa kiti cha uvivu, vile vya mbao na turubai, ambavyo ukikaa unakuwa umeshalala nusu. Babu yako Komora alikichonga kwa mikono yake Malindi, alikokuwa akifanya useremala, ili mama yake apate kupumzika. Hiyo ni miaka ya hamsini, mwanangu, uhuru hata hatujauota, na mimi, mke wa Komora, nilikuwa mkaza mwana mpya katika nyumba ile. Hata njia ya kisimani nilikuwa sijaizoea vizuri.

Mavyaa wangu, Mama Komora, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na sauti kubwa. Shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mto. Akishasali alfajiri hutia jembe mtumbwini, akasimama wima, akashika upondo na kujivusha mwenyewe. Mpunga ukichanua, hupanda juu ya dungu, jukwaa lake la miti, na kombeo lake akaamia, akifukuza ndege tangu jua lichomoze mpaka lizame. Sisi tuliokuwa nyumbani tukimsikia: "Haaaya! Haaaya!" Ndege waliruka, na wavivu pia waliamka.

Basi wewe niambie, mama kama huyo alihitaji kiti cha nini?

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu. Wanawake wa mtoni walikuwa wameanza kunisema. "Mama Komora kaozesha mwana, mbona bado anatwanga?" Wanasema huku wanafua, hawakuangalii, ila kila neno linajua linakokwenda. Yakanichoma maneno yale. Kwa hiyo kiti kilipokuja nilifurahi kuliko yeye. Nilimwondolea mchi mkononi nikamwambia, "Mama, kaa. Umeshatulea, sasa ni zamu yetu."

Akakitazama, akacheka. "Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu, mama," akasema Komora.

Akakaa. Hakutaka kutuvunja moyo, naye Komora akarudi Malindi kazini roho yake nyeupe.

Nilimtunza, mwanangu, hilo usinidhulumu. Maji ya kutawadha nilimletea pale pale kitini. Chakula pale pale. Akitaka kwenda kwa jirani, mimi huenda kumwita jirani aje kwake. Nikasifiwa kijiji kizima kwamba huyu ndiye mkaza mwana, nami nikatembea shingo ndefu. Anayesifiwa haoni mbele.

Masika yakapita, mto ukajaa na kupungua, na Mama Komora yupo kitini. Kwanza aliacha kucheka. Kisha usingizi ukamkimbia, kwa kuwa mwili usiochoka unalala wa nini? Miguu ikamvimba kwenye vifundo. Akaanza kusali kwa kukaa, yeye aliyekuwa akirukuu kama kijana. Ikafika mahali kumwinua ni lazima nimtie mikono makwapani, naye anashika ukuta na kuomba radhi kwa uzito wake. Sisi tukaambiana ndio uzee huo, umeingia. Uzee husingiziwa mengi.

Komora akaja likizo wakati wa kuamia ndege. Siku moja tulivuka kwenda kuamia, tukamwacha mama na maji yake na kikapu cha maembe. Tuliporudi adhuhuri kiti kilikuwa kitupu. Tukamkuta chini, kati ya kiti na kinu, ameketi mchangani, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa amesikia sauti za kuamia kutoka ng'ambo, akainuka ili aende. Miguu ikamkatalia.

Komora akamkimbilia, akataka kumbeba amrudishe kitini. Mama akamshika mkono, na nguvu za mikono bado alikuwa nazo.

"Humo usinirudishe."

"Mama, tumekukosea nini?"

"Hamkunikosea. Mmenizika kwa adabu, mwanangu, imebaki udongo tu." Akapumua kwanza. "Mgeni mwenyewe, siku ya tatu hupewa jembe. Mimi mwenye nyumba langu mmelichukua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, binti yangu, ukinipenda nipe kazi."

Komora alilia, mtu mzima na ndevu zake. Nami nililia, maana nilielewa kwamba sifa zote zile za kijijini nilizinunua kwa miguu ya mama wa watu.

Tukaanza upya. Siku za mwanzo alipepeta mchele, ameketi kwenye kigoda kifupi ambacho kukiinukia tu ni kazi. Alikuwa akikilaani kigoda kile, lakini anainuka. Baadaye akasimama kinuni ameshika ukingo, mpaka siku akauchukua mchi wake tukatwanga wawili, wa kwake ukipanda wangu unashuka. Alinichosha! Kutoka kinuni akafika kwenye migomba, kutoka migombani akafika kwa jirani, ambaye alipiga kelele kama aliyeona mzimu. Haba na haba, mwanangu. Uvimbe ukapungua, usingizi ukarudi, na siku aliyoinama rukuu tena alikaa juu ya msala akitabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Mavuno yaliyofuata alifika mtoni kwa fimbo. Nilikuwa nimemshikia mtumbwi. Akainua mguu mmoja, akautia ndani, mtumbwi ukayumba. Akautoa. Akajaribu tena, akautoa. Mtumbwi unataka magoti yanayoaminiana, na ya kwake yalikuwa yamepoteza imani hiyo ndani ya kile kiti. Akaegemea fimbo yake, akasema, "Nenda wewe. Mimi nitaamia kutoka hapa."

Na ndivyo ilivyokuwa mpaka Mungu alipomchukua. Miaka mingi alitembea kila asubuhi hadi ukingoni, akasimama na fimbo yake, akawapigia kelele ndege wa ng'ambo. Sauti ilivuka. Yeye hakuvuka tena. Shamba lake alililima kwa mikono yake tangu ujana, na hakulikanyaga tena. Hilo bado linaniuma, mwanangu, na wala silitafutii dawa.

Kiti Komora alikipasua. Mbao zake alizifanya ngazi ya dungu, nami ndimi niliyekuwa nikiipanda.

Sasa nipo Garsen, kwa mjukuu wangu mwingine, Saumu, na nyumba ina kochi la kuzama mpaka kiunoni. "Bibi, pumzika," ananiambia, tena kwa mapenzi kabisa. Maji yako bombani, unga umeshasagwa, na duka, ninaloliona kutoka mlangoni, tunaliendea kwa bodaboda. Yeye mwenyewe anashinda ofisini kwenye kiti, anarudi na kujitupa kwenye kochi na simu yake, kisha analalamika mgongo, magoti. Magoti! Msichana wa juzi! Mimi ninamtazama na ninakitambua kile kiti, ila sasa kimevaa kitambaa cha maua.

Nasema kweli, natamani. Natamani uzito wa mtungi kichwani na matope ya mto baina ya vidole. Natamani kusikia mchi wa mavyaa ukijibu wangu. Siyatamani yale maisha yote, njaa yake na mbu wake ninawajua. Ninautamani mwili ule, uliokuwa ukilala umechoka na kuamka ukiwa wangu.

Basi sikia, mwanangu. Sikwambii uache kazi ya ofisini ukatwange mpunga. Nakwambia usikae mpaka kiti kikujue. Kila ukikaa kitambo, inuka, hata ikiwa ni kwenda mlangoni kuona nani anapita. Duka ulionalo kwa macho liendee kwa miguu. Ndoo yako ibebe, ua wako fagia, mtoto wako mfukuze mpaka wote wawili mcheke. Na mzee wako usimpende kwa kumkalisha. Mpe ungo, mpe ufagio, mshike mkono mtembee, hata akinung'unika. Samaki mkunje angali mbichi: magoti yako ya leo ndiyo utakayovukia kesho, na mtumbwi haungoji mtu kujifunza kusimama.

Kesho asubuhi mwambie kijana wa bodaboda apite zake. Njoo unichukue, twende mtoni polepole, mimi na fimbo yangu. Nataka nifike ukingoni nipige kelele mara moja, hata kama hakuna ndege.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na miguu ya kutosha umri huo. Akujalie kazi mkononi mpaka siku ya mwisho, na siku utakapofika kwenye mto wako, uinue mguu, uutie mtumbwini, uvuke.