Fundi Aliyezisoma Barabara kwa Raba za Breki

Fundi baiskeli mmoja, ambaye wateja walimwita Spana hadi mkewe naye akazoea, alizijua barabara zote nne za milimani bila kukanyaga hata moja. Usicheke kwanza. Banda lake lilikuwa pale barabara hizo zinapokutana, limeegemea ukuta wa duka la saruji, na kwa miaka ishirini na miwili kila baiskeli iliyougua huko juu iliteremshwa ije kutibiwa kwake. Aliipindua magurudumu yakatazama mbingu, akazungusha pedeli, akatega sikio, kisha akamwambia mwenye baiskeli: "Wewe umetokea njia ya machimbo." Na kweli ametokea huko.

Njia ya machimbo ilikata spoki. Njia ya kinu ilirefusha minyororo. Njia ya shule ilipinda usukani. Na njia ya mashariki ilikula raba za breki, tena ilizila kwa uchu: mwezi mmoja tu, raba mpya imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Spana hakuvitupa vipande hivyo. Kazi ikipoa alivipanga juu ya benchi, machimbo na machimbo, kinu na kinu, akavitazama kama mtu anayesoma barua za ndugu walio mbali. Huyu alikaza breki kwa muda gani? Mteremko gani huo usiokwisha?

"Si uende ukaone?" mkewe humwuliza. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa kwenye pembe ya banda hilo hilo.

"Nikienda, nani atashika spana?"

"Sema kifua hakitaki mlima, yaishe."

Hapo Spana hukohoa na kutafuta nati iliyoanguka, hata kama haijaanguka nati.

Basi siku moja akaja afisa wa utalii wa wilaya, mwanamke mwenye haraka, karatasi kubwa imeviringwa kwapani. Wilaya ilikuwa inatengeneza ramani ya njia za waendesha baiskeli, wale wa kofia ngumu na kaptula za kubana wanaopanda milima kwa raha zao. Barabara zitakazoingia kwenye ramani zitasawazishwa kwa greda kila mwaka, zisije zikaiaibisha wilaya mbele ya wageni.

"Nimeuliza mji mzima," afisa akasema, "wote wameniambia nije kwako."

Kichwa kikamvimba fundi wetu. Alifuta mikono, akatandaza karatasi juu ya benchi, akachora na kueleza: hapa mashimo, hapa mpando, hapa kona. Alipofika mashariki aliandika bila kusita: Mteremko mkali sana. Hatari. Isitumike. Afisa akamshukuru na kumwambia kwamba ramani itakwenda kwa mpiga chapa siku ya Ijumaa.

Maneno hayana mguu lakini hufika. Jumanne asubuhi baiskeli ya Mama Maziwa ilisimama mbele ya banda. Mama huyu alikuwa anakaribia miaka sitini, na kila alfajiri alileta mjini madebe mawili ya maziwa kutoka mashariki, moja kila upande wa gurudumu la nyuma. Siku nyingine angeanza na habari za watoto. Siku hiyo hakuanza nazo.

"Fundi, nani kafa kwenye barabara yetu?"

"Sijasikia msiba, mama."

"Basi hatari uliyoiandika umeitoa wapi? Mwaka wa kumi na saba huu napita pale na lita arobaini, sijamwaga hata kikombe."

"Mama, raba zako mwenyewe ndizo zinazosema. Hakuna njia inayozila namna ile. Mimi nasoma tu."

"Ulifika lini kule?"

Cherehani ikanyamaza. Spana akaitazama spana.

"Sijafika."

"Hujafika!" Mama Maziwa akashika kiuno. "Mwanangu, unatuandikia hatari kwa kupapasa mipira? Kule tuko nyumba sitini. Mvua ikinyesha, gari la wagonjwa linaishia mlimani, tunabeba mgonjwa kwa kitanda. Greda tumelisubiri tangu kitinda mimba wangu ananyonya, leo ananyoa ndevu. Ukitutoa kwenye ramani hiyo, ndiyo basi tena."

"Mwambie, mama," sauti ikatoka nyuma ya cherehani. "Mimi nimesema mpaka koo limekauka."

Spana akajikuna kisogo. Kilichomwuma hakikuwa kelele. Kilichomwuma ni kwamba raba zilisema hivi na mama akasema vile, na yeye alikuwa mtu asiyeweza kulala na swali. "Kesho ukimaliza kuuza," akasema, "nipitie. Twende wote."

Kesho yake alfajiri ikabidi kwanza aitengeneze baiskeli yake mwenyewe. Ilikuwa ikining'inia nyuma ya banda, imenyofolewa kiti akapewa mteja, imenyofolewa breki akapewa mwingine. Mkewe alimshikia taa na kucheka kimya kimya, mabega yakimtikisika.

Saa tatu wakaondoka. Mama Maziwa alitangulia, madebe matupu yakigongana, na kufikia kona ya pili alikuwa amekwisha kuwa kitone. Spana alipiga moyo konde, akapiga pedeli, kisha akapiga magoti. Alipolala kifudifudi juu ya usukani akipumua, mzee mmoja aliyekuwa akishuka kwa miguu alimwuliza kwa huruma kama baiskeli imeharibika amwitie fundi.

Alifika kileleni akisukuma, ingawa mpando wenyewe ulikuwa wa pole; kifua ndicho kilichokataa. Mama Maziwa alikuwa ameketi juu ya jiwe, kama aliyepita hapo dukani tu.

"Mteremko wako wa kuua ni huo," akamwonyesha kwa kidevu.

Spana akachungulia akitegemea ukuta wa mwamba. Aliona barabara ya udongo mwekundu inayojikunja taratibu katikati ya mashamba, pana, laini, inashuka polepole kama mtu anayekumbuka jambo. Wakashuka. Yeye alikaza breki mpaka vidole vikafa ganzi, huku akimtazama mama wa watu aliye mbele. Vidole vya yule mama havikugusa breki hata mara moja. Spana akalegeza kidole kimoja. Akalegeza cha pili. Kufikia kona ya mwisho alikuwa ameachia vyote, na upepo umemjaza shati likawa kama puto.

Lakini sasa swali lilizidi kumwasha. Kama si mteremko, nani anakula raba?

Chini kulikuwa na kijito kinachokatiza barabara, maji ya kifundo cha mguu, yasiyo na daraja. Wakashuka, wakasukuma, wakapanda tena. Mbele kidogo mbuzi akaingia njiani na Spana akabana breki. Krrrr! Sauti ya mtu anayetafuna wali wenye changarawe.

Akaruka chini. Akaipindua baiskeli pale pale katikati ya barabara, mbuzi akimshangaa, akapitisha kidole kwenye rimu ya gurudumu. Mchanga. Mweupe, mkali, umeganda kwenye chuma na umejichomeka ndani ya raba kama meno.

"Mama," akasema taratibu, "mnavuka hapa mkija mjini?"

"Tutaruka?"

"Halafu mnateremka kule upande wa mjini na mizigo, mkibana breki zenye mchanga huu. Mbona sijawahi kuuona hata punje moja kwenye baiskeli zenu?"

Mama Maziwa akamtazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jua linakwenda wapi. "Utauonaje? Si wewe uliyeandika ukutani kwako kwamba baiskeli chafu haipokelewi? Sote tunasimama kwenye bomba la sokoni, tunasugua rimu na raba mpaka zing'ae, ndipo tunakuja."

Spana akaketi ukingoni mwa barabara. Akacheka, akaacha, akacheka tena, na kicheko cha mwisho kilikuwa na aibu ndani yake.

Alhamisi alikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya afisa. "Nilikosea," akasema kabla hajakaribishwa kiti. "Mashariki ndiko kwenye mteremko mzuri. Andika kwamba kuna kijito: mtu ashuke, asukume, akivuka afute rimu kwa kitambaa."

Afisa akafuta neno hatari kwa kifutio, akapitisha juu ya njia ya mashariki mstari mwekundu wa njia zilizokubaliwa. Kisha akauacha mkono hewani. "Na hizi nyingine tatu, umezipita?"

Angeweza kuitikia kwa kichwa tu. "Hapana," akasema. "Nipe siku tatu."

Afisa akashusha pumzi, akashika simu, akamwomba mpiga chapa angoje hadi Jumatatu.

Nje, kwenye ngazi, Mama Maziwa alikuwa anasubiri. "Wamesemaje?"

"Mmeingia. Greda litakuja kwenu."

Mama akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Na wewe kesho?"

"Kesho njia ya machimbo."

"Ehee! Nenda na fimbo. Kona ya tatu kuna mbwa, huyo hafugwi na mtu."

"Mbwa?" Spana akasimama. "Spoki hazijawahi kuniambia habari za mbwa."

"Zingekuambiaje, mwanangu?" akasema Mama Maziwa, akapanda baiskeli yake akaenda zake.